Ngazi za Nyumba ya Esperansi

Ulimwona. Usijifanye umesahau. Alipita mbele yako Jumatatu saa mbili asubuhi, kilemba kimeshushwa hadi kwenye nyusi, nawe ukainama kufunga kamba za kiatu. Yule ni Esperansi, na alikuwa anakwenda zahanati, hapa hapa Ulyankulu.

Nesi Tekla alimpokea vizuri, maana si mtu mbaya. Alimsafisha jicho, akamfunga mkono, akamuuliza lile swali analowauliza wote: alikuwa amemjibu nini mumewe. Kisha akafungua daftari la wagonjwa, na kwenye safu ya chanzo akaandika: ameanguka ngazini.

Ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia. Ukiandika kapigwa, inatakiwa fomu ya polisi, PF3, na polisi ni mbali. Halafu nesi anaitwa mahakamani kumtaja mtu anayekaa naye benchi moja kanisani. Aliyeanguka hana kesi.

Ila nyumba ya Esperansi ni ya matofali ya udongo, vyumba viwili, haina ghorofa. Kwa hiyo mwaka juzi, siku moja baada ya daftari kuandikwa mara ya kwanza, ngazi moja ya saruji ilikutwa imeota ukutani, imara, haina hata ufa. Kila alipoandikwa tena, iliongezeka nyingine. Jumanne hiyo zilitimia kumi na moja, zimelipita bati, zinaelekea hewani. Mumewe Gervasi, mkulima wa tumbaku na mwimba besi wa kwaya, huanika majani juu yake bani la kukaushia likijaa. Fundi mmoja wa Nzega alizipima, akaisifu kazi. Mtendaji wa kijiji alisema nyumba yenye ngazi ni maendeleo. Na watu wa hapa ni watoto wa wakimbizi waliovuka mpaka kwa miguu mwaka 1972, wakikimbia kuuawa. Mtu aliyepigwa wanamjua akiwa bado yuko mbali.

Tekla mwenyewe anazo tatu, alizojiandikia, nyuma ya nyumba ya watumishi. Huanikia dagaa.

Alhamisi Esperansi alirudi, na safari hii alikataa kiti. Dada yake Konsolata alikuwa tayari kumpokea Nzega, yeye na wanawe wawili, lakini Gervasi angewafuata. Alihitaji karatasi yenye ukweli, ili polisi wamzuie.

"Dada Tekla, leo usiniandikie ngazi."

"Sasa niandike nini, mama? Si mumeo yule?"

"Andika Gervasi. Jina lake unalijua, mnaimba wote."

Tekla aliweka kalamu kwenye karatasi mpaka wino ukafanya doa. Aliutazama mlango. Kisha akaandika ameanguka ngazini, akamfungia vidonge vya wiki nzima.

Ijumaa ngazi ya kumi na mbili ilikuwepo. Esperansi akawabeba wanawe, akazipanda zote, akakaa juu. Hajashuka, kwa sababu chini yuko Gervasi. Majirani humpandishia ugali kwa zamu, wakisema huko juu amepata upepo mzuri. Jana Gervasi alivua viatu, akapanda ngazi mbili, akaimba kidogo, akarudi ndani.

Leo atapanda zaidi. Na wewe usisimame hapo ukimhurumia. Zahanati iko wazi mpaka saa tisa na nusu. Nenda sasa, simama karibu na Tekla asiwe peke yake, useme ulichokiona, na jina la aliyefanya ulitaje kwa sauti. Usitoke mpaka liandikwe.