Kabla Ismaili Hajajibu

Sharifa alirudi kutoka hospitali Lushoto mjini akamkuta mama mkwe wake, Bi Fatuma, barazani pale Magamba, akichambua maharage. Sharifa alikuwa na miaka arobaini na mbili, na huu ulikuwa mwaka wa pili wa ndoa yake na Ismaili bila mimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Daktari kasemaje?"

Alitamani kudanganya, ila ulimi ulikataa. "Kasema sina ugonjwa. Ni umri tu, mayai yamebaki machache. Mimba inaweza kuingia, lakini nisiitegemee sana."

Bi Fatuma akaweka ungo chini, akamgeukia mwanawe aliyesimama mlangoni. "Umesikia. Tafuta mwingine ungali na nguvu."

Ismaili akatazama ukungu ulioshukia mashamba ya kabichi. Alinyamaza muda mrefu.

"Nilipomposa nilijua umri wake, mama," akasema hatimaye. "Sioi mwingine."

Bi Fatuma akachukua ungo wake, akaingia ndani. Ismaili akamshika mkewe mkono. Sharifa hakuuondoa, lakini ule ukimya wa mumewe kabla ya kujibu ulikuwa bado umemkaa kifuani.