Moshi Uliorudi Miyuji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mzee Nurdini alikuwa amechutama juu ya tangi la dizeli, kwenye sheli yake ya Miyuji, akipima mafuta kwa fimbo kama alivyofanya kila siku kwa miaka zaidi ya arobaini. Mashine ya kupimia ilikuwepo. Binti yake Nasma aliifunga mwaka jana, nayo ilituma vipimo kwenye simu bila kuombwa. Mzee aliviangalia vipimo hivyo kwa heshima, kisha akapima kwa fimbo. Alikuwa anaifuta kwa kitambaa moshi wa kwanza ulipoingia kutoka barabara ya Kondoa.

Ulikuwa moshi mwembamba wa rangi ya kahawia, umechoka safari. Ulipita kando ya pampu bila kuzigusa, ukasimama kwenye kivuli cha ofisi. Mzee Nurdini akautambua mara moja. Ulitokana na pipa lake la kwanza kabisa, alilouza mwaka themanini na mbili, enzi hizo hana hata pampu. Dizeli hiyo ililipeleka lori la karanga hadi Kolo na kulirudisha.

"Karibu," alisema. Kisha akamwita mkewe. "Stara! Lete mkeka, tuna mgeni."

Tuseme ukweli, kosa lilikuwa la Mzee mwenyewe. Makampuni mengine yakitaka kuahidi kwamba yatafikia sifuri, yaani hayataiachia hewa moshi wowote usiofidiwa, huandika ahadi kwenye tovuti, na mwaka ukikaribia hubadilisha mwaka. Lakini familia hii ni ya watu wa mjini wa tangu enzi za misafara ya biashara, na kwao jambo kubwa halianzi bila dua na pilau. Jumamosi iliyotangulia walizindua mpango wa Nasma: paa zima la sheli paneli za sola, bajaji za umeme zichajiwe pale pale, na shamba la miti huko Chemba, lililokwisha kuanzwa. Nasma alimwandikia baba yake sentensi ya kusoma. Ilikuwa ndefu, na katikati ilikuwa na maneno "kwa kadiri itakavyowezekana". Mzee akaiona ina kona nyingi. Mikono ya shehe ikiwa bado juu, akasema kwa sauti, "Moshi wote niliouuza nitaurudisha, inshallah," na watu waliojaa ua mzima wakaitikia amin. Hiyo sasa si ahadi tena. Hiyo ni nadhiri.

Basi moshi ukarudi. Hadi adhuhuri ulikuwa umefika wa mabasi ya Kondoa, mweusi na wenye makelele. Baada ya alasiri ukaja wa bodaboda, kila mmoja kivyake, wote na haraka. Ukaja wa jenereta za harusi, ambao ulikaa karibu na spika za duka la jirani. Wa magari ya waheshimiwa ulifika mwisho, ukauliza kama hakuna chumba chenye kiyoyozi. Bi Stara akauambia kiyoyozi kipo, ila kimezimwa kwa ajili ya mpango. Ukatandikiwa mkeka kama wenzake.

Jirani alihamisha kamba yake ya kuanikia nguo. Wateja walizidi kuja, wakisalimia ua kwanza kabla ya kujaza mafuta. Siku ya pili asubuhi mtu aliyesimama pampu namba moja hakuweza kumwona aliyesimama namba mbili.

Mzee Nurdini akaanza kukohoa. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, na sasa alilala ameketi, mito mitatu mgongoni. Alimwita Nasma.

"Mwanangu, mimi naogopa," alisema. "Kifo sikiogopi, ni cha wote. Naogopa nikifa na hawa bado wamekaa uani wananisubiri."

"Baba, uliposema utaurudisha, ulimaanisha wapi?"

Mzee akauvuta mto mmoja mgongoni. "Sikufikiria wapi," alisema.

Nasma alirudi chumbani kwake akalia, maana alimpenda baba yake kuliko huo mpango, na mpango ulikuwa wake. Kulipopambazuka siku ya tatu alimkuta mama yake amesimama katikati ya ua na ufagio, hana mzaha.

"Mgeni siku mbili," alisema Bi Stara. "Ya tatu mpe jembe. Hawa wana nini hata wasipewe?"

Wakapakia majembe kwenye Canter. Moshi uliinuka kwenye mikeka bila ubishi, kwa sababu hata moshi unaijua methali hiyo, ukalifuata gari kwa miguu hadi Chemba. Ulifika jioni. Waliokuwa mnadani na mbuzi wao waliupisha barabara.

Shamba la miti lilikuwa na kibao kikubwa na miti midogo, mingi yake ikiwa imekauka. Kampuni yao ilipewa eneo hilo kwa barua iliyosema ni pori lisilo na mtu. Nasma aliwaonyesha wageni mashimo ya zamani na miche mipya ya migunga na mikwaju. Moshi ulifanya kazi ambayo vibarua wawili hawakuiweza kwa mwaka mzima. Kila mmoja ulichimba shimo, ukasimamisha mche, kisha ukaingia wenyewe humo shimoni, na mwenzake akaufukia. Asubuhi iliyofuata mche uliopandwa hivyo ulikuwa umefika magotini, na majani yake yalikuwa safi. Kule Miyuji pampu zikaonekana tena. Mzee Nurdini akalalia mto mmoja, na Bi Stara akapiga simu kutoa habari hiyo huku akicheka kwa furaha.

Ulibaki moshi mmoja. Ni ule wa kwanza, mwembamba, wa kahawia. Ulipewa jembe, ukalipokea, ukaenda nalo hadi kona ya kusini. Hapo ukafyeka nyasi, yakatokea mafiga matatu yaliyokaa vizuri, na masizi yake bado yapo. Moshi ukaweka jembe chini, ukaketi juu ya mafiga, ukapanda juu taratibu na kwa unyoofu. Nasma aliubembeleza, akaukumbusha nadhiri. Haukusogea.

Kesho yake akaja mwanamke mmoja getini, anatembea kwa haraka, khanga imemdondoka begani. Mlinzi, Obedi, alimpa kitabu cha wageni. Aliandika jina lake, Evelina, akampita.

"Shikamoo mama," alisema Nasma.

"Marahaba mwanangu. Nimeona moshi unatoka kwangu. Nikajua kuna mtu amewasha."

Alieleza bila kupandisha sauti. Mwaka juzi alikwenda Kolo kumuuguza dada yake, akamzika huko, akakaa hadi arobaini. Aliporudi alikuta nyumba imebomolewa, mawe ya mipaka yamesimikwa, na mkutano wa kijiji wa kuligawa eneo umeshafanyika. Tangu hapo alipanga chumba kando ya barabara, kisicho na hata pa kupanda mlenda. Alipomaliza kueleza akabandika sufuria ya uji juu ya mafiga. Moto haukuwepo. Lakini wahenga walishasema panapofuka moshi hapakosi moto, na sufuria ikachemka.

Nasma aliona haya, haya ya kweli, ya kumchoma masikio. Siku ya pili alikwenda ofisi ya ardhi, ilikotoka barua. Karani alimkaribisha vizuri, akamfunulia ramani.

"Nyumba iko wapi hapa, dada?"

"Haipo kwenye ramani. Ilikuwa kwenye ardhi yenyewe."

"Basi faili limefungwa. Na tukilifungua, mradi wenu unaanza upya, pamoja na hiyo sifuri yenu."

Mchana huohuo alifika mkaguzi wa cheti cha sifuri kutoka Dar es Salaam, Geofrey, kwa miadi ya tangu mwezi uliopita. Alihesabu miti, akaisifu. Alipofika kona ya kusini alimsalimia Evelina, akauangalia moshi, akaonja uji. Kwenye fomu aliandika kwamba kilichosalia ni kidogo, hakiathiri matokeo. Nasma alimwambia pale palikuwa nyumbani kwa mtu. Geofrey alimsikiliza kwa makini, akamjibu kwamba fomu haina sehemu ya kujaza hilo.

Jioni Nasma alimpigia baba yake, akamweleza yote. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Moshi huo umekaa juu ya mafiga?" aliuliza.

"Ndiyo baba."

"Huo ndio umerudi," alisema Mzee Nurdini. "Hiyo mingine tumeipa kazi tu."

Siku ya tatu tangu Evelina aje, mawingu ya kwanza ya Desemba yalikuwa yamesimama upande wa Kondoa. Evelina alifika mapema, ana kibuyu cha mbegu za uwele. Obedi akamsogezea kitabu.

"Mama, andika hapa."

"Juzi niliandika. Jana niliandika."

"Wageni wote wanaandika kila siku."

"Mimi mgeni?"

"Kitabu ndicho kinasema, si mimi," alijibu Obedi, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyeipenda kazi yake.

Evelina akaandika jina lake. Kisha akahesabu kwa vidole, moja, mbili, tatu.

"Haya," alisema. "Nipe jembe."

Obedi akamtazama Nasma. Nasma alikwenda mwenyewe kwenye Canter, akachagua lenye mpini mpya, akampelekea kwa mikono miwili. Evelina akaanzia kwenye kona, na moshi ukajisogeza kidogo kumpa nafasi ya kurusha jembe.

Cheti cha sifuri kilikuja mwezi uliofuata. Waliipokea hiyo karatasi, wala tusidanganyane, ikatundikwa ofisini Miyuji juu ya fimbo ya Mzee. Kwenye ramani kona ya kusini bado ni pori lisilo na mtu. Uwele sasa umepita kiuno, kati ya mikwaju, na jioni moshi unaonekana hadi barabarani. Kitabu cha wageni kina safu ya saa ya kutoka, na mbele ya jina la Evelina, la siku ile ya tatu, Obedi hajaandika kitu hadi leo.