Dawa ya Kioo Kimoja

Shangazi yangu Hallbera alipofuka akiwa na miaka kumi na miwili, surua ilipopita bondeni kwetu Haukadalur. Tangu hapo hakuiona tena Geysir, chemchemi ya maji yachemkayo nyuma ya shamba letu. Aliisikiliza tu.

Kiangazi kimoja akaja Eyvindur, mpiga picha kutoka Reykjavik, na farasi watatu na hema jeusi. Kazi yake ilikuwa ya mbio: kioo hupakwa dawa na kupigiwa picha kikiwa kibichi. Robo saa ikipita kimekauka, hakifai. Chemchemi iliponguruma, alikimbilia hemani, akapaka, akatoka mbio. Maji yakatulia tuli. Siku nne hivyo hivyo, hata ikabaki dawa ya kioo kimoja.

“Inakudanganya,” shangazi akamwambia, akimpa samaki mkavu na siagi. “Inacheua tu.”

“Na wewe bibi unajuaje, nawe huoni?”

“Wewe una macho mawili, na la tatu la shaba, hilo la kamera. Umeona nini?”

Tulicheka. Eyvindur naye akacheka, shingo upande.

Kesho yake shangazi alilala kifudifudi kando ya chemchemi, shavu juu ya jiwe la moto. Ardhi ikanguruma. Eyvindur akainuka.

“Kaa!”

Ikanguruma tena.

“Kaa, nimesema!”

Mara ya tatu shangazi akainua kichwa. “Sasa. Nenda kapake.”

“Una hakika?”

“Nenda, mwanangu!”

Alipotoka na kioo, maji yalivimba, yakafyatuka juu kupita kanisa lolote nililowahi kuliona. Matone ya moto yakatupiga. Eyvindur hakutikisika, alikuwa akihesabu sekunde za picha kwa sauti.

Baadaye mimi na shangazi tulimkuta hemani, machozi yakimlengalenga.

“Maji yameenda mbio mno. Pichani yametoka kama furushi la sufu. Safari yote hii!”

“Nionyeshe,” shangazi akasema.

Alisita, kisha akakishika kidole cha shangazi, akakichoresha juu ya sanduku. “Hapa ardhi. Hapa maji yanapanda. Huku juu hakuna umbo, ni weupe tu umetawanyika.”

Shangazi alikirudisha kidole chini, akakipandisha tena mwenyewe.

“Ndivyo nilivyoiona mara ya mwisho,” akasema. “Watu wote huichora kama nguzo. Miaka hii yote nilidhani macho yangu yalikuwa yameshaanza kuharibika.”

Eyvindur alikitazama kioo upya, muda mrefu.

Alikaa siku mbili zaidi, akitusaidia kukata nyasi, vibaya sana. Alipoondoka mvua ilikuwa ikinyesha. Kioo alikuwa amekifunga kwa sweta lake, naye akapanda farasi akitetemeka kwa baridi.