Mlango wa Uvira

Dokta Pillay alizipanga barua saba mezani, akazigeuza zimwelekee Marcelline, kisha akaanza kugusa aya moja katika kila barua.

"Mlango. Mlango. Huu nao mlango. Kwa miaka minne chuo hiki kimepokea waombaji saba waliofundisha Uvira, wote wakiandika kwa chaki juu ya mlango wa choo uliopakwa unga wa betri zilizokufa uliochanganywa na majani. Ya saba ni yako."

Marcelline alikuwa amepanda teksi mbili kutoka mtaa wa Doornfontein, Johannesburg, hadi chuoni Midrand, akidhani ameitwa kupewa nafasi ya kusomea ualimu.

"Mlango ule ni wangu," alisema. "Hao wengine niliwaandikia mimi."

"Uliwaandikia?"

Hapo Marcelline akaona kwamba jibu lake limeongeza kosa la pili juu ya lile la kwanza.

"Huo unga mliuchanganya na majani gani?" Dokta Pillay aliuliza.

"Ya viazi vitamu."

Dokta Pillay akainama kusoma. "Hapa pameandikwa mhogo. Barua zote saba. Hata yako."

Ilikuwa kweli. Akapewa hadi Ijumaa kuleta ushahidi: cheti, picha, au mtu wa kumshuhudia.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Marcelline alisoma chuo cha ualimu Bukavu miaka miwili kati ya mitatu, vita vikamkatisha. Mwaka 1999 alifundisha watoto sitini na mmoja chini ya turubai, Uvira, na mlango ulikuwepo. Aliufungua mwenyewe kwenye bawaba, akaung'oa na misumari yake. Johannesburg alifika 2005, akapata kazi katika duka la intaneti la Bakiri, Mtanzania wa Tanga. Siku ya kwanza hakujua kompyuta inawashwa wapi. Baada ya mwaka mmoja yeye ndiye aliyekuwa akifungua mashine ya kuchapia na kuitoa karatasi iliyokwama, huku Bakiri akimshikia tochi.

"Eish, Mwalimu," Bakiri alipenda kumtania, "darasa lako ni printa mbili na Wakongo."

Watu walimjia awaandikie maombi. Katika mtaa ule maelezo yaliyowahi kumpitisha mtu, iwe ofisi ya wakimbizi au chuoni, hayakuwa ya mtu tena. Yalikuwa kama sufuria kubwa ya harusi: nani akunyime, na ukinyimwa nani atakuja kwako siku yako? Belyse, Mrundi mwenye watoto wawili, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba ualimu. Hakuwahi kufundisha popote. Marcelline alimwazima mlango. Belyse, aliyezaliwa mjini Bujumbura, aliogopa kuulizwa habari za viazi. Mhogo angalau aliujua. Marcelline akafuta viazi, akaweka mhogo. Belyse akapita. Waliofuata wakaomba "ile ya Belyse", na Marcelline akawa anabadilisha jina tu.

Yeye mwenyewe hakuomba. Kibali chake kilikuwa cha miezi sita sita, na chuo kilitaka kirefu. Alikipata Januari 2013. Fomu iliuliza mambo matatu: elimu yako, uzoefu wako wa teknolojia, na kwa nini unataka kufundisha. La kwanza na la pili aliyaandika upya. Kwa la tatu alifungua faili la zamani, akaweka jina lake.

Sasa, Jumatano mchana, alilifungua tena kutafuta ushahidi. Kompyuta ilikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko yeye. Faili liliundwa tarehe 11 Machi 2009. Jina la juu: Belyse.

Akampigia simu, akamsimulia yote ya Midrand. Belyse alikuja akitoka shuleni, kitambulisho cha mwalimu kikining'inia shingoni.

"Njoo useme ukweli," Marcelline alimwambia. "Sentensi moja tu."

"Dada, sentensi hiyo inanifukuzisha kazi."

"Mlango ni wa nani, Belyse?"

"Ulikuwa wako. Kwenye usaili niliueleza mpaka mwalimu mmoja akafuta macho. Shuleni wameubandika ukutani, umechorwa. Watoto wangu wanajua mama yao alifundishia mlango." Alisema bila haya, kama mtu anayesoma orodha. "Wewe hata majani umekosea."

"Sikukosea."

"Basi nenda kawaambie."

Bakiri, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya kaunta, akaenda kujaza karatasi kwenye printa.

Alhamisi Marcelline alijaribu kulijibu swali la tatu upya, bila mlango. Alihesabu alichoweza kuthibitisha: sita walipita kwa barua zake. Aliandika kwamba amewafundisha watu sita. Akaisoma sentensi, akaifuta. Hakumfundisha hata mmoja kuandika mstari. Aliwaandikia, wakaondoka kama walivyokuja. Swali likabaki na nafasi tupu chini yake, na Ijumaa hakwenda Midrand.

Jumatatu aliingia kijana aitwaye Pacifique, mlinzi wa usiku, macho mekundu. Akavuta kiti.

"Dada, nataka kuomba ualimu. Niandikie ile ya mlango."

"Hiyo imekwisha."

"Nipe nyingine basi."

Marcelline akasukuma kibodi mbele yake, akafungua ukurasa mweupe. "Kwa nini unataka kufundisha? Andika. Nitakaa hapa hapa, nikusahihishe."

Pacifique alitazama ukurasa, akamtazama yeye, akacheka akidhani anataniwa. Alipoona hataniwi alisimama.

"Sharp, dada, sawa tu. Wale wa duka la ng'ambo ya barabara wanayo hiyo ya mlango."

Akavuka barabara kabla robot, taa ya barabarani, haijabadilika. Marcelline alimwona dirishani akiingia, akionyeshwa kiti, na printa ya kule ikaanza kazi baada ya dakika tatu.