Mlima Uliochelewa

Vipande vilikuwa ishirini na sita, vya plaiwudi, na kila kimoja kilikuwa mkoa. Unguja na Pemba vilikuwa vifungo viwili vya shati. Mwalimu Bartholomayo alivikata mwenyewe wakati wa likizo, kwao Chidya, kwa msumeno wa kuazima. Kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho darasa la saba walivimwaga sakafuni, mmoja akapanga nchi, wengine wakahesabu kwa sauti.

Tahiri alihesabiwa mpaka mia mbili na kumi, na bado Rukwa alikuwa ameiweka baharini. Wenzake wakamuuliza kama watu wa Rukwa wamefundishwa kuogelea. Queen aliipanga nchi yote kwa hamsini na nne, macho kafumba, akipapasa kingo kwa vidole kama mtu anayechambua mchele. Dar es Salaam, iliyokuwa ndogo kama ukucha, ilipotea wiki ya kwanza. Mwalimu akaweka korosho moja mahali pake. Ikaenea vizuri, na hakuna aliyelalamika.

Queen alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa hajafika hata Masasi. Kutoka kijijini kwao, nyuma kidogo ya Mnyambe, safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Newala mjini, alikokwenda mara mbili, moja akiwa mgongoni. Lakini alijua Kigoma inapakana na nani, na ukitoka Mtwara kwenda Mara kwa mstari mnyoofu unapita mikoa mingapi. Kila alipoweka kipande alimuuliza mwalimu ni siku ngapi mpaka huko. Mwalimu alijibu kwa kukadiria, maana na yeye alikuwa hajaenda.

Nyumbani walikuwa watatu: Queen, mdogo wake Flora wa darasa la sita, na mama yao. Baba alikwenda Tunduru kulima msimu mmoja, akapapenda. Mama aliitwa Mama Isabela na kijiji kizima, kwa jina la binti yake wa kwanza. Isabela alifaulu, akaenda sekondari, akaenda mbele zaidi, na sasa ulikuwa mwaka wa nne simu yake haipatikani. Watu waliendelea kumtaja mara ishirini kwa siku, kila walipomsalimia mama yake.

Wiki moja kabla ya mtihani mama alikuwa anamenya mihogo. Akamwambia Queen akae.

"Isabela alifaulu," alisema. "Umemwona?"

Queen akasema hajamwona.

"Basi wewe usifaulu, mwanangu. Uchague ya uongo. Tukae wote."

Hakuwa mama wa kwanza kusema hivyo. Kila Septemba kulikuwa na nyumba ambako binti aliambiwa akosee, nyingine kwa kusihiwa, nyingine kwa fimbo. Mama Isabela hakushika fimbo. Alishika nyonga yake, ile ambayo hospitali ya Ndanda walimwambia asiibebeshe tena ndoo, akaendelea kumenya. Queen akaitikia, "Sawa, mama," kwa sababu hakujua neno lingine la kumwambia mtu aliyekaa namna ile.

Siku ya Hisabati alikosea bila taabu. Unasiliba kwa penseli kiduara cha herufi ya jirani, basi. Hesabu alizokosea zilibaki vilevile, maana hesabu hazimjali mtu. Kazi ilikuja kwenye Maarifa ya Jamii. Swali liliuliza Mlima Kilimanjaro uko mkoa gani, na penseli ikagoma. Aliyajua majibu yote manne kwa vidole, na matatu ya uongo yalimuuma. Akayatazama mpaka akaona kuwa moja kati ya hayo ni Mtwara, mkoa wao. Hilo aliweza kulivumilia. Akalisiliba. Ziwa Tanganyika liko mkoa gani: Mtwara. Hifadhi ya Serengeti: Mtwara. Msimamizi alipokusanya karatasi, Queen alikuwa ameshamaliza na mikono iko mapajani.

Asubuhi yake mlima ulikuwa umesimama nyuma ya shamba la mzee Halfani, kichwa cheupe. Mzee Halfani alikwenda kuangalia, akakuta mikorosho yake kumi na mmoja imeingia chini yake, akaenda kwa mtendaji wa kijiji kuandikisha. Mtendaji aliandika: mlima, mmoja. Ziwa lilikuwa limekaa bondeni, pale ambapo wanawake walikuwa wakiteremka tangu alfajiri kutafuta maji. Wakachota, wakaonja, wakasema halina chumvi. Nyumbu walifika Jumamosi. Msimu wa mabibo ulipochanganya walikula yale yaliyochacha chini ya miti na kulala barabarani, na madereva wa Masasi walizoea kuteremka na kuwasukuma. Watu wa Moshi wakaja kwa basi, wakautazama mlima wao, wakaridhika kwamba ni wenyewe, wakauliza frem za maduka zinapangishwa wapi.

Novemba majina ya waliofaulu yalibandikwa mlangoni pa shule. Tahiri alikuwamo. Mwalimu Bartholomayo aliisoma orodha mara tatu, ya tatu kwa kidole, kisha akaenda nyumbani kwa kina Queen na kumuuliza mwenyewe alijibu nini kwenye Kilimanjaro.

"Mtwara, mwalimu."

Mwalimu akageuka, akautazama mlima juu ya paa la jiko. Akamuuliza na ziwa je. Queen akasema ni hivyohivyo. Akamuuliza Serengeti, akasema nayo.

Mama alikuwa mlangoni, amesikia. "Kwa nini zote Mtwara?"

"Ulisema nisiende, mama," Queen alisema. "Nikaona basi vije."

Mama Isabela aliingia ndani akalala siku mbili, uso ukutani. Siku ya tatu alivaa kanga yake ya kanisani, akachukua fimbo ya kuegemea, akapakiwa kwenye bodaboda kati ya dereva na mwalimu mpaka Newala, nyonga ikimuuma kila shimo. Queen alifuata kwa miguu. Alipofika ofisini walikuwa bado kwenye benchi.

Ofisa wa elimu aliwapokea vizuri. Meza yake alikuwa ameihamishia dirishani, maana mlima ulimpa kivuli kuanzia saa tisa. Mwalimu alieleza kwamba mtoto hakukosea. Somo hilo moja tu likisahihishwa upya, alama zinatosha. Akaonyesha dirishani. Ofisa hakuwa na ubishi na dirisha.

"Tatizo majibu yalichapwa Julai," alisema. "Mlima umechelewa, mwalimu. Ungehamia mapema tungezungumza."

Mama Isabela akasimama, akijishikiza mezani. Akasema kosa ni lake. Yeye ndiye aliyemtuma mtoto aandike uongo. Kama kuna adhabu, waiandike kwa jina lake, mtoto aende shule. Alisema polepole, kwa Kiswahili cha kanisani, bila kulia. Ofisa akamsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kina mama wengi huja wakasema hayo, na hakuna fomu yake. Akauliza kama watapenda kusaini kitabu cha wageni. Mwalimu akasaini. Mama akaweka dole gumba.

Wakati wa kurudi Queen alimshika mama mkono kwenye mteremko. Mama alimuuliza kama mkono wake ni mzito. Queen akasema si mzito.

Mwaka uliofuata majibu yalichapwa upya. Mwalimu Bartholomayo alikata vipande vingine, Mtwara ikawa kubwa kama sahani. Queen, akitoka shambani, alikuwa akikaa sakafuni na Flora, akimfumba macho kwa kiganja na kumpeleka vidole kwenye kingo. Flora hakuwa mwepesi, lakini alijitahidi. Wiki ya mtihani mama alimwita, akamwambia achague ya kweli. Flora akasiliba Mtwara, Mtwara, Mtwara, akafaulu.

Januari Queen alimbebea tranka kichwani mpaka barabarani. Shule aliyopangiwa ilikuwa ng'ambo ya Masasi. Flora alisema akifika atapiga simu. Queen akamwambia asisahau soksi zake ziko chini kabisa, akasimama mpaka basi lilipowazunguka nyumbu na kupotea.

Alirudi kwa njia ya bondeni, akachota maji ziwani. Kwenye kona ya mzee Halfani alimkuta kijana wa Moshi anayeongoza wageni mlimani, ameketi anafunga viatu. Alipotua kupumzika, kijana akamsaidia kujitwisha tena ndoo. Akamuuliza, kwa kuwa nyumba yao ndiyo iliyo karibu na mlima kuliko zote, ameshaupanda mara ngapi.

Queen akasema bado. Mama yuko peke yake.