Matundu Juu ya Milango

Tangu bweni jipya la chuo lianze kukaliwa, mhandisi aliyelichorea njia za maji na hewa hakuwa na raha. Kila kiti kilimchoma. Mumewe alishazoea kumkuta jikoni amesimama na mwiko mkononi, macho mbali, chakula kinaungua.

"Mke wangu, jengo halikimbii," alimwambia. "Limeshasimama. Nawe kaa."

Angekaaje? Malalamiko hayakukoma: vyumba vya upande wa magharibi vilikuwa tanuri. Na ni yeye aliyewaapia wakuu wa chuo kwamba feni hazitahitajika. Hewa ingeingia madirishani, ipite katika tundu lililo juu ya kila mlango, ivuke ushoroba, kisha ipande kwenye bomba kubwa la katikati mpaka paani, kama moshi unavyopanda dohani. Kwenye karatasi upepo ulikuwa mtiifu.

Tena, binti yake wa pekee alikuwa akiishi humo humo, akisomea uhandisi kama mama yake. Utotoni walimwita Chiriku, kwa jinsi mdomo wake usivyofungwa. Siku hizi ukimpigia simu ni "ndiyo Mama," "hapana Mama," basi.

Mchana mmoja wa jua kali uvumilivu ukamwishia, akabeba kipimahewa chake akaenda. Msimamizi wa bweni, bwana mnene mpenda mizaha, alimpokea na funguo.

"Karibu, Mama Upepo! Leo umekuja na upepo wenyewe, au michoro tu?"

Akamfungulia chumba kitupu ghorofa ya juu. Joto likawapiga usoni. Mhandisi alipanda kiti, akachungulia tundu la juu ya mlango: limezibwa kwa soksi kuukuu na kipande cha godoro, vimeshindiliwa hasa. Akatoka ushorobani. Matundu yote yalikuwa vivyo hivyo, hapa boksi, pale taulo.

"Lo! Wanajinyima hewa wenyewe, halafu wanalia joto!"

"Nimewasema mpaka nimechoka," alijibu msimamizi, akishuka ngazi kwenda kupokea simu. "Hawasikii. Au tuseme wanasikia mno."

Hakumwelewa, wala hakungoja kuelewa. Alikokota kiti kutoka mlango hadi mlango akiyang'oa matambara kwa hasira, kisha akarudi chumbani na kuinua kipimo chake. Hewa ikaanza kutembea, pazia likajaa. Kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi alipumua.

Mlango wa jirani ukafunguliwa, ukafungwa. Ndipo sauti ikaingia, karibu kana kwamba msemaji yuko kitandani pale.

"Sijui nitamwambiaje Mama. Muhula mzima sijaingia darasani."

Alikuwa binti yake, akiwa kwa rafiki yake chumba cha jirani.

"Si umwambie tu," sauti nyingine ilisema.

"Humjui. Wenzake wanaziba ufa wakiuona, yeye anautafuta. Akijua mimi ndiye nina ufa, atanijengea jukwaa la mafundi."

Wakacheka, kisha kicheko cha mmoja kikageuka kwikwi.

Mhandisi aliokota soksi, akanyoosha mkono kuliziba tundu, mkono ukarudi. Aliwaza kunyata hadi ngazini, aende zake, awe hakusikia. Alizunguka chumba, dirishani, mlangoni, dirishani tena. Mwishowe miguu yenyewe ikampeleka kubisha hodi.

Yule rafiki alimwona, akapita pembeni yake na kutoka bila hata salamu. Binti alibaki kitandani, macho mekundu.

"Mama! Ulikuwa unanisikiliza?"

"Sikukusikiliza, mwanangu. Nilikusikia."

"Basi umejua kwa nini tunaziba. Humu mtu akilia, bweni zima linajua. Afadhali joto."

Mhandisi alikaa ukingoni mwa kitanda. Maswali yalimjaa kinywani: kwa nini, tangu lini, utarudi lini.

"Unataka kusoma nini, basi?"

"Sijui. Najua tu si hiki." Binti akamtazama usoni. "Tafadhali usinitafutie jibu. Naona umeshaanza."

Kweli alikuwa ameshaanza. Aliuma mdomo, akauweka mkono wake mgongoni mwa bintiye, na mkono huo nao haukujua utulie wapi. Walikaa hivyo mpaka jua likaondoka dirishani.

Kazi ya matundu ilikuwa rahisi kuliko hiyo. Alirudi kwa wakuu wa chuo, nao wakimnunia, akakiri kwamba alikuwa ameipigia hesabu hewa na kuwasahau watu. Mafundi wakaweka nyuma ya kila tundu kiwiko cha bomba kilichotandikwa sponji ndani, hewa ikate kona, sauti imezwe njiani. Matambara yakaondoka, ingawa si yote. Vyumba vya magharibi vikapoa kiasi cha kulalika.

Binti aliacha chuo muhula ulipoisha. Baba mtu alinuna juma zima, kisha akawa wa kwanza kubeba masanduku. Mhandisi ndiye aliyeendesha gari kumpeleka kwa shangazi yake, aliyekuwa na duka la vitambaa na kuhitaji msaidizi. Njia nzima swali la "na baadaye?" lilimkereketa kooni. Kila lilipopanda alilimeza, akabadilisha gia.

Walipofika, binti alishusha mzigo wake, akainama dirishani.

"Asante kwa kutouliza, Mama."

"Usinishukuru," alisema mhandisi. "Nimeuliza njia nzima."