Kasha la Mpanga Chapa

Kabla ya kwenda vitani, mpanga chapa wa kiwanda kimoja cha uchapaji alimfundisha mkewe kazi yake kwa majuma mawili. Kila herufi ya kuchapia, ya madini ya risasi, ina kichumba chake ndani ya kasha, na mkono hauna budi kukijua bila kuyauliza macho. Miaka minne baadaye alirudi mzima, akamkuta mkewe amekalia kiti cha msimamizi kilichokuwa chake, akiwaongoza wanawake sita. Makasha yote yalikuwa yamepangwa upya kwa mtindo aliobuni mkewe: herufi zinazotumika mno karibu na mkono, za nadra pembeni.

"Karibu, shemeji," wanawake walimtania siku ya kwanza aliporudi kazini, vidole vyake vilipokuwa vikiokota herufi zisizo zenyewe. "Risasi za huku hazitaki shabaha!"

Alicheka nao. Utani angeuvumilia. Kilichomkereketa ni kumsikia mwenye kiwanda akimwita mkewe "Mkuu", naye akiitika bila kugeuza kichwa, kana kwamba alizaliwa na jina hilo.

Mume alipokidai kiti chake, mwenye kiwanda, mtu asiyependa lawama, akakata shauri: Ijumaa wawili hao wapange ukurasa mmoja, kila mtu kwa kasha lake. Atakayetangulia kumaliza bila kosa ndiye msimamizi.

Mume alilipanga kasha lake kwa mtindo wa zamani, kama alivyoruhusiwa. Ijumaa, kabla wengine hawajafika, akalipanga vivyo hivyo na la mkewe.

Shindano likaanza. Mkewe akaokota herufi ya kwanza, akaipapasa, akaganda. Akaokota ya pili. Akamtazama mumewe kitambo kidogo tu, kisha akaanza upya, polepole, akiufuata mpangilio ule aliofundishwa naye. Hakukosea hata herufi moja. Alichelewa kwa mistari mitatu.

"Kulikoni leo, Mkuu?" wanawake wakamzonga.

"Vidole vimelala, shoga zangu. Mpeni shemeji yenu hongera."

Wakampa, ya mdomoni tu. Mmoja akaanza kumkanda Mkuu wao vidole. Mwingine akamletea chai.

Mpanga chapa alimsogelea. "Sema basi," akanong'ona.

"Niseme nini, baba watoto? Kiti si umekipata?"

Akaenda kukikalia. Kule kwenye makasha mkewe alisema neno asilolisikia, na wanawake wakaangua kicheko. Wivu ukamchoma upya, mkali kuliko wa mwanzo. Alimhusudu mkewe hata kule kushindwa kwake.

"Haya, kazini!" akaamuru.

Wote sita wakamtazama mkewe kwanza. Alipotikisa kichwa kukubali, ndipo walipotawanyika.